Sura ya Sita: Bei Moja na Umbali wa Iringa

Katika biashara ya utalii, bei jumuishi ni utaratibu ambao mgeni hulipa mara moja, aghalabu miezi kadhaa kabla ya safari, kiasi kinachobeba malazi, milo yote, vinywaji, matembezi ya kila siku na mara nyingi hata gari la kumpokea na kumrudisha, ili tangu anapofika mapokezi hadi anapoaga asiwe na haja ya kufungua pochi. Utaratibu huu hutofautiana na fulibodi, yaani malazi pamoja na milo mitatu bila vinywaji wala matembezi, na hutofautiana zaidi na ule wa kulala na kupata kifungua kinywa tu, ambao ndio wa kawaida katika gesti na hoteli za barabarani kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Wakazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini huisikia bei jumuishi kama tetesi: inasemekana kwamba ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha zipo kambi ambako mtu mmoja hulipa mamia ya dola kwa usiku mmoja, na baada ya kulipa fedha zote hizo huenda kulala kwenye hema. Tetesi hiyo ni ya kweli, na maelezo yake yanapatikana zaidi kwenye barabara ya kutoka Iringa mjini kuliko kwenye shuka na mito ya kitanda, kwa kuwa bidhaa kuu inayouzwa na kambi hizo ni umbali, na bei moja ndiyo njia pekee ya kuuza umbali bila kumkumbusha mnunuzi kila saa kwamba anaulipia.

Hesabu ya bei jumuishi ni hesabu ya wastani. Mwenye kambi hukadiria mgeni wa kawaida atakula nini, atakunywa nini na atatembezwa mara ngapi kwa siku, kisha humtoza kila mmoja kiasi kilekile, kwa hiyo asiyegusa pombe humchangia anayekunywa, na anayelala mchana kutwa humchangia anayetaka kwenda kutafuta simba alfajiri na jioni. Faida kwa mwenye mali ni fedha kuingia mapema, idadi ya walaji kujulikana kabla ya kwenda sokoni, na kutohitaji karani wa kuandika soda moja moja. Faida kwa mgeni ni utulivu wa moyo. Hasara humwangukia mtu wa tatu ambaye hakuwapo wakati wa mkataba, naye ni jirani wa hoteli, kwa sababu mtu aliyekwisha kulipia chakula chake cha jioni hana sababu ya kutoka nje kutafuta mama lishe, dereva wa bajaji wala muuza machungwa.

Mizizi ya utaratibu huu haikuota kwenye anasa. Mwaka 1950, Ulaya ikiwa bado inajikongoja baada ya Vita Kuu ya Pili, Mbelgiji Gérard Blitz, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa majini, alifungua kijiji cha likizo Alcúdia, kwenye kisiwa cha Mallorca nchini Hispania, akitumia mahema ya ziada ya jeshi la Marekani yaliyopatikana kwa Gilbert Trigano, Mfaransa ambaye familia yake ilifanya biashara ya mahema. Huo ndio mwanzo wa Club Med. Mwezi Mei mwaka huohuo Vladimir Raitz, mwandishi wa habari mwenye asili ya Urusi aliyekuwa akiishi London, alirusha ndege ya kukodi kutoka Gatwick hadi Calvi, kwenye kisiwa cha Corsica, na abiria wake walilipa pauni 32 na shilingi 10 kwa nauli, kitanda ndani ya hema na milo yenye nyama ya kutosha, jambo ambalo Mwingereza wa siku zile hakulichukulia mzaha, kwani nyumbani kwake nyama iligawiwa kwa kadi hadi mwaka 1954. Bei jumuishi, kwa maneno mengine, ilizaliwa visiwani na chini ya turubai, na ilikusudiwa kwa makarani na walimu waliotaka kujua mapema kwamba fedha yao ingetosha.

Hata hivyo haikuwa jumuishi kikamilifu tangu mwanzo. Katika vijiji vya Club Med vinywaji vya baa vililipiwa kwa shanga ambazo mgeni alizinunua na kuzivaa shingoni, kwa kuwa vazi la kuogelea halina mfuko, na mhudumu alichopokea kaunta kilikuwa rangi badala ya sarafu. Pombe iliingizwa kabisa ndani ya bei upande wa pili wa Atlantiki, nchini Jamaika, ambako familia ya Issa ilifungua hoteli ya wanandoa tu huko Ocho Rios mwaka 1978, na Butch Stewart akaanzisha hoteli za Sandals huko Montego Bay mwaka 1981. Jamaika ya miaka hiyo ilikuwa na vurugu za kisiasa zilizowatisha watalii wasitembee mitaani, hivyo bei moja na ukuta wa hoteli vilikua pamoja, kila kimoja kikikihalalisha kingine. Tangu hapo utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya watu wa kipato cha kati ukapanda daraja, na ukaja pwani ya Afrika Mashariki ukiwa umeshavaa suti: Waitaliano waliuleta Malindi na Watamu nchini Kenya, kisha Kiwengwa na fukwe nyingine za kaskazini-mashariki ya Unguja, ambako vijiji vya likizo vya mtindo wa Mediterania vilijengwa, pasta ikiwa mezani na geti likiwa upande wa barabara.

Visiwa vidogo vya Zanzibar vinaonyesha sura nyingine ya jambo hilohilo. Mnemba ina mabanda 12 ya wageni, na Chumbe, ambayo matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994 na kuwekwa chini ya usimamizi wa kampuni binafsi, ina nyumba 7 tu. Chumbe haina kisima, kwa hiyo maji ya mvua hukingwa na mapaa na kuhifadhiwa chini ya sakafu, na umeme wake unatoka kwenye jua. Mahali ambapo kila kiberiti kinafika kwa mashua, kumtoza mgeni kitu kimoja kimoja kungekuwa upuuzi, maana hakuna duka la jirani la kulinganisha nalo bei. Hapo bei jumuishi haimfungii mgeni ndani, kwa sababu bahari imeshafanya kazi hiyo.

Kambi za Ruaha ni visiwa vya aina hii ya pili, ingawa bahari yao ni miombo na vumbi. Eneo hilo lilianza kulindwa na Wajerumani mwaka 1910 kama pori la akiba la Saba, likawa sehemu ya Pori la Akiba la Rungwa mwaka 1946, na mwaka 1964 sehemu yake ya kusini-mashariki ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu, lililoko upande wa Mbeya, liliunganishwa nayo, na ukubwa wake ukavuka kilomita za mraba 20,000, hata ikawa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini mpaka Hifadhi ya Nyerere ilipoanzishwa mwaka 2019. Makao makuu yake yako Msembe, zaidi ya kilomita 100 kutoka Iringa mjini, kwa njia ambayo kwa miongo mingi imekuwa ya vumbi ikipita Idodi na Tungamalenga, kijiji cha mwisho kabla ya lango. Ndani ya eneo hilo kubwa kuliko nchi kadhaa za dunia, kambi za wageni ni chache na kila moja ni ndogo: Jongomero, Mwagusi, Kwihala, Jabali Ridge, Ikuka na nyingine za aina hiyo zina mahema au vyumba vinavyoweza kuhesabiwa kwa vidole vya mikono miwili, au zaidi kidogo.

Kambi hizi zina ukoo mwingine pia, na ukoo huo ni mkubwa kwa umri kuliko ule wa Mallorca. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Newland na Tarlton ya Nairobi ilikuwa ikiuza msafara mzima wa uwindaji kwa bei iliyopatanwa mapema, ndani yake mkiwa na wapagazi, wapishi, mahema, bunduki na vyakula vya makopo, na ndiyo iliyoandaa msafara wa Theodore Roosevelt mwaka 1909, wenye wapagazi zaidi ya 200. Mpagazi aliyebeba beseni la kuogea kichwani ndiye babu wa mhudumu anayejaza leo maji ya moto kwenye ndoo ya bafu iliyoning'inizwa nyuma ya hema, na ni vigumu kuona huduma hiyo ikitolewa kama jambo la kimahaba bila kukumbuka kwamba hapo zamani ilikuwa na uzito wa kilo kadhaa utosini mwa mtu.

Hema lenyewe siku hizi si la kukunja. Hujengwa juu ya jukwaa la mbao au la zege, lina kitanda kikubwa, choo cha kuvuta, sinki na veranda inayotazama mto, na paa lake la turubai mara nyingi hufunikwa na paa la pili la makuti au nyasi ili kupunguza joto. Umeme unatokana na sola. Kambi nyingi hazina uzio, na tembo hupita kati ya mahema wakitafuta maganda ya migunga, ndiyo maana jua likishazama mgeni haruhusiwi kutembea peke yake hata hatua thelathini za kwenda mezani, bali husubiri askari mwenye tochi. Kwa kuwa pia magari hayaruhusiwi kutembea hifadhini usiku bila kibali maalumu, mgeni aliyechoshwa na kampani ya wenzake hana pa kwenda hadi saa kumi na mbili asubuhi. Siku huanza saa hiyo kwa chai au kahawa inayoletwa hemani, kisha gari huondoka kutafuta wanyama kabla jua halijapata makali, na wageni hurudi saa nne au saa tano kwa mlo mzito. Mchana ni wa kulala, kwa sababu hata simba wamelala. Saa kumi kuna chai na keki, gari huondoka tena, na jua likizama vinywaji humiminwa juu ya boneti la Land Cruiser iliyoegeshwa kando ya mto. Mbung'o wapo katika baadhi ya sehemu, na hakuna bei iliyowahi kuwajumuisha wala kuwatoa.

Upande wa nyuma wa hema la kulia ndipo umbali unapoonekana vizuri. Siku ya mzigo gari la kambi huondoka Iringa baada ya mnunuzi kuzunguka Soko Kuu na maduka ya jumla, nalo hubeba viazi mviringo, vitunguu, kabichi, trei za mayai, maziwa ya kiwanda cha Asas, mitungi ya gesi, dizeli, maparachichi yaliyotoka Rungwe au Njombe, na makreti ya nyanya. Mpishi mzoefu hatanunua nyanya za rangi moja: robo huwa zimeiva za kutumia leo na kesho, nyingine zimeanza kugeuka, na zilizobaki ni za kijani kabisa, kwa kuwa kreti lile lazima lifike hadi siku ya mzigo unaofuata, na nyanya iliyoiva Ilula asubuhi, ikitikiswa kilomita mia kwenye vumbi, hufika ikiwa tayari nusu mchuzi. Majani ya saladi husafiri yamefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Mvinyo wa Afrika Kusini hupandia Dar es Salaam. Gari hilohilo hurudi mjini na chupa tupu, makopo na plastiki, kwani taka zisizooza hazizikwi hifadhini, na katika safari hizo mbili, ya kwenda na ya kurudi, imo sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni amekilipia bila kukiona. Wapishi na wahudumu, wengi wao Wahehe, Wabena na Wakinga, husalimiana jikoni kwa «kamwene», kisha huvuka pazia na kuwaambia wageni «jambo», salamu ambayo wao kwa wao hawaitumii.

Pamoja na hayo, «kila kitu» si kila kitu, na msomaji anayetaka kuelewa ankara ya kambi hana budi kuichambua kwa makini. Kwanza ipo ada ya kuingia hifadhini, inayotozwa kwa saa 24 na kutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki, anayelipa kwa shilingi, na mgeni wa nje, anayelipa kwa dola. Kambi nyingine huitia ndani ya bei na nyingine huiacha nje. Pili ipo ada ya malazi hifadhini, ambayo mwenye kambi huilipa serikalini kwa kila mgeni na kila usiku kama gharama ya kuruhusiwa kufanya biashara ndani ya hifadhi. Tatu ipo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo tangu Julai 2016 hutozwa pia kwenye huduma nyingi za utalii zilizokuwa zimesamehewa. Nne ni ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja cha Msembe kutoka Dar es Salaam, Arusha au Zanzibar, na ambayo kwa mgeni wa siku chache huweza kuwa kifungu kizito kuliko chakula chake chote. Tano ni bakshishi. Hiyo ndiyo iliyozua utaratibu wa sanduku la pamoja linalowekwa mapokezi, fedha yake ikigawanywa kati ya wale wanaoonekana na wasioonekana, ingawa mwongoza watalii aliyeonyesha chui mara nyingi hupewa bahasha yake pembeni.

Kuna kitu cha sita kisichomo ndani ya bei, nacho ni kikapu. Karibu kila kambi ina kabati au kijiduka chenye vikapu vya Iringa vilivyosukwa kwa milulu na wanawake wa Kihehe, pamoja na kazi za mikono za mafundi wenye ulemavu wa Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa Iringa mjini mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Mahali ambapo mgeni hafungui pochi kwa lolote, kikapu ndicho kinachoifungua, na pengine ndiyo biashara pekee kambini ambayo bei yake inasomwa kwa sauti na kubishaniwa. Ulanzi, kwa upande mwingine, haumo ndani ya bei wala nje yake: kinywaji cha mianzi kinachojulikana Iringa nzima, kinachogemwa msimu wa mvua na kubadilika ukali kila baada ya saa kadhaa, hakijapata nafasi kwenye meza hizo, na bila shaka kingewapa wageni la kusimulia kuliko mvinyo ambao wangeweza kuupata kwao.

Wataalamu wa uchumi wa utalii huzungumzia uvujaji wa mapato, kwa maana ya ile sehemu ya fedha ya mgeni ambayo haifiki kabisa mahali anapolala kwa kuwa imebaki kwa wakala aliyeuza safari ng'ambo, kwa shirika la ndege, na kwa muuzaji wa bidhaa za kuagiza. Bei jumuishi hurahisisha uvujaji huo kwa sababu malipo hufanyika mbali na mapema. Lakini kambi ya Ruaha ina kinga moja ambayo hoteli ya ufukweni haina. Kwa kuwa wageni hawazidi wanne au watano kwa kila gari, na kwa kuwa kila hema linahitaji mtu wa kulifagia, wa kulilinda na wa kulipelekea maji, idadi ya wafanyakazi kwa kila mgeni ni kubwa sana, na mishahara yao huishia Idodi, Iringa, Mafinga na Njombe. Tatizo ni kalenda. Msimu wa mvua unapokaribia kwisha, kati ya mwishoni mwa Machi na Mei, barabara za hifadhini hugeuka tope na kambi nyingi hufunga. Wafanyakazi wa kudumu hupewa likizo, na wale wa mkataba wa msimu hurudi shambani kusubiri simu ya Juni.

Nje ya lango mambo ni tofauti kidogo. Vijiji 21 vya tarafa za Idodi na Pawaga viliunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori iitwayo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, ambayo tangu mwaka 2007 ina mamlaka kisheria ya kusimamia ardhi yake inayopakana na hifadhi na kuingia mikataba na wawekezaji. Kambi na nyumba za wageni zilizopo ukanda huo huwa rahisi zaidi, na pale Tungamalenga mgeni anaweza kununua soda kwa bei ya soda.

Nyanda za Juu Kusini zina pia aina ya tatu ya malazi ambayo haifanani na hema wala na hoteli yenye ukuta, nayo ni nyumba ya wageni iliyochipuka kutoka shambani. Kisolanza, kilomita zipatazo 50 kusini-magharibi ya Iringa kando ya barabara kuu ya Mbeya, ni shamba la zamani ambalo wapitaji hulala humo na kununua mboga na nyama dukani kabla ya kuendelea na safari ya Zambia. Huko Mufindi, katikati ya chai na misitu yenye ukungu, familia ya Fox, iliyofika nchini kwa kazi ya chai, inaendesha Mufindi Highland Lodge, na familia hiyohiyo ndiyo yenye Ruaha River Lodge ndani ya hifadhi. Utengule Coffee Lodge, karibu na Mbalizi nje kidogo ya jiji la Mbeya, iko ndani ya shamba la kahawa, na mgeni wake hunywa alichokiona kikianikwa. Katika sehemu za namna hii milo yote inaweza kuingizwa ndani ya bei, lakini uhusiano wa bei na umbali umegeuzwa: jiko liko karibu na bustani kuliko mgeni alivyo karibu na jiko, geti liko wazi, na mtu anayetaka kushuka Soko la Mwanjelwa kununua mchele wa Kyela au kitenge hazuiwi na tembo. Kwa maoni ya sura hii, aina hiyo ya tatu ndiyo inayostahili kuitwa anasa ya Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa baridi ya Mufindi, moto wa kuni chumbani na siagi iliyotoka kwenye ng'ombe wanaoonekana dirishani ni vitu ambavyo pwani haina namna ya kuviagiza.

Lakini tukirudi Ruaha, kuna gharama moja ambayo hakuna ankara inayoitaja, nayo inaunganisha Mbeya na Iringa kwa nguvu kuliko barabara kuu. Kambi nyingi za Ruaha zilijengwa kando ya mito, na mkubwa kati yao ni Ruaha Mkuu, ambao maji yake hukusanyika kutoka milima ya Mbeya, Uporoto na Kipengere, hushuka kwenye bonde la Usangu wilayani Mbarali, hupita katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha huingia sehemu ya hifadhi inayotembelewa zaidi. Mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulikauka kwa mara ya kwanza katika kiangazi cha mwaka 1993, na tangu hapo hali hiyo imekuwa ikijirudia. Sababu zimebishaniwa kwa muda mrefu. Mashamba makubwa ya mpunga, likiwamo la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, na baadaye Kapunga na Madibira, pamoja na mifereji mingi ya wakulima wadogo, huchota maji wakati ambapo mto una kidogo. Mifugo mingi iliyoingia Usangu ililaumiwa sana, na kati ya mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu kwa nguvu, kabla ya eneo hilo kuingizwa hifadhini mwaka uliofuata. Mto haukurudi kama ulivyokuwa.

Kwa mgeni wa kambi, kukauka kwa mto ni mandhari. Agosti hadi Novemba ndio msimu unaopendwa kuliko yote, kwa sababu wanyama hujazana kwenye madimbwi yaliyobaki, viboko hubanana matopeni, na tembo huchimba mchanga kwa miguu na mikonga hadi wapate maji yaliyo chini, nyati na swala wakisubiri zamu yao nyuma. Picha nzuri kuliko zote za Ruaha hupigwa wakati huo. Na jioni, wali unaopakuliwa mezani huenda ukawa umetoka Mbarali, umelimwa kwa maji ambayo hayakufika mbele ya veranda. Si haki kumfanya mkulima wa Usangu kuwa mkosaji wa pekee katika simulizi hii, kwani mpunga wake hulisha miji mingi ya Tanzania, na maji yanayopita hifadhini ndiyo yanayotegemewa na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yaliyoko chini zaidi. Wala si haki kuzilaumu kambi, ambazo matumizi yake ya maji ni madogo mno. Ila ni dhahiri kwamba bei inayojiita jumuishi imejumuisha kila kilichobebwa na gari na kuacha kile kilichopaswa kubebwa na mto.

Mtanzania mwenye kipato cha kawaida anayetaka kuiona Ruaha kwa kawaida hukaa Tungamalenga au kwenye mabanda ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) huko Msembe, ambako bei ni ya chumba tu na familia huja na unga, mchele, mafuta na sufuria yake. Chakula hupikwa kwa zamu, watoto hukaripiwa wasitupe maganda kwa nyani, na baba mwenye gari hukuta kwamba mafuta ya kuzunguka hifadhini yamemla kuliko ada ya kuingia. Kambi kadhaa hutoa bei ya wakazi katika miezi yenye wageni wachache, lakini bei hiyo hutangazwa zaidi Dar es Salaam kuliko Mbeya, jambo linalostaajabisha kidogo, maana mtu wa Mbeya huweza kutoka kwake baada ya chai ya asubuhi na kufika lango la Ruaha kabla ya jua kuzama.

Serikali imeamua kuijenga kwa lami barabara ya Iringa hadi Msembe, na uamuzi huo unagusa kiini cha biashara iliyoelezwa hapa kuliko tangazo lolote la utalii. Muda wa safari ukipungua kwa nusu, wageni wa mwisho wa juma kutoka Iringa na Mbeya wataongezeka, kambi chache zitashusha bei, na nyingi zitajisogeza porini zaidi ili ziendelee kuuza kilekile zinachouza sasa. Badiliko la haraka zaidi huenda likaonekana jikoni. Kreti la nyanya za rangi tatu lilitokana na gari linalokuja mara moja kwa juma. Barabara ikiwa nzuri, wakulima wa bustani za umwagiliaji za Idodi na Tungamalenga, ambao leo hupeleka mboga zao Iringa mjini na wakati mwingine huziona zikirudi zikipita mbele ya nyumba zao kuelekea hifadhini, wataweza kuziuza langoni zikiwa zimeiva, ilimradi mnunuzi wa kambi akubali kupima mzigo mdogo mara tatu kwa juma na kulipa papo kwa papo, badala ya kusubiri ankara ya mwezi ya muuzaji mmoja wa mjini.